Mwongozo wa Mtia Nia, kwa Hisani ya Warumi

Ndugu mtia nia, hongera. Umechukua fomu, umepigwa picha umeishikilia kifuani, umesema umeombwa na wazee. Sasa unatafuta mshauri, na wako wengi watakaokudai posho kabla hawajafungua mdomo. Mimi nakushauri bure, maana sikubuni kitu. Kila hila utakayoihitaji, tangu bahasha ya kwanza hadi safari ya kwenda uhamishoni, ilishafanyiwa majaribio na Warumi katika miaka hamsini hivi ya mwisho ya jamhuri yao, kabla ya Kristo. Kwa bahati yako, watu wale walikuwa hodari wa kuandika barua. Wakiibiana, wanaandikiana.

Walituachia hata mwongozo kamili wa kampeni. Inasemekana uliandikwa mwaka 64 KK na Quintus Cicero kumsaidia kaka yake Marcus, aliyekuwa akigombea ukonsuli, cheo kikubwa cha mwaka kilichokaliwa na watu wawili kwa pamoja. Wako wasomi wanaodai kwamba aliyeandika ni mtu mwingine kabisa. Hilo lisikutishe, hata hotuba zako hutaziandika wewe.

Ushauri mmoja wa humo ningependa uubandike kwenye kioo cha gari: ahidi. Ukimkatalia mtu leo, amechukia leo, na hilo halina shaka. Ukimwahidi, huenda jambo lenyewe lisifike, huenda akalisahau, na hata akija kuchukia atachukia baadaye, nao watakaochukia watakuwa wachache. Watu, anasema mwandishi, huvumilia uongo wenye adabu kuliko ukweli unaowafungia mlango. Marcus alishinda kwa kishindo. Kisima, zahanati, lami mpaka mlangoni kwa mganga: nafasi zilizo wazi jaza mwenyewe.

Majina kwanza

Mgombea wa Kirumi alishuka sokoni na mtumwa pembeni yake ambaye kazi yake ilikuwa kunong'ona. Huyu anayekuja ni fulani, mwanawe kaoa juzi. Yule mwenye kovu ni mtu wa kabila fulani, ana neno kubwa kwenye chama cha waoka mikate. Mgombea anapanua mikono: ndugu yangu, harusi ilikwendaje? Wewe unao wapambe na simu tatu, huna kisingizio.

Palikuwapo sheria ya kuwakataza wagombea kutembea na mnong'onaji. Mtu aliyeitii alikuwa mmoja, kijana Cato, aliyekuwa akiwania ukamanda jeshini. Akayashika majina kichwani mwenyewe. Hata waliomsifu waliudhika, kwa sababu waliona vizuri kuwa hawataweza kumuiga. Mshike huyu Cato; atatusumbua sana huko mbele.

Mkono usio wako

Kosa la mgeni katika kazi hii ni kugawa mwenyewe. Usiguse. Wapiga kura wa Roma walipangwa katika makabila 35, ambayo hayakuwa ya damu bali karibu na hizi kata zetu, na kila kabila lilikuwa na wagawaji wake, watu waliofahamika wazi kwa kazi hiyo. Juu ya wagawaji alikaa mshika amana, aliyebaki na fedha hadi kura zihesabiwe, ili mpiga kura asidhulumiwe na mgombea wala mgombea asidhulumiwe na mpiga kura. Kura ilikuwa ya siri tangu mwaka 139 KK, kwa sheria iliyokusudiwa kumkinga mnyonge na macho ya bwana wake. Mabwana walikaa chini, wakatafakari, wakarudi na utaratibu wa kulipa baada ya matokeo. Uhuru wa mpiga kura ukaheshimiwa na kazi ikaendelea.

Mwaka 61 KK jenerali Pompey alitaka rafiki yake Afranius awe konsuli. Makabila yakaenda kuchukua chao bustanini kwa Pompey, na habari ikazagaa mji mzima. Afranius akapita. Mwaka 54 KK ndio uliovunja rekodi. Wagombea wanne wa ukonsuli walikopa kwa pupa hata riba jijini ikaruka, katikati ya Julai, kutoka asilimia 4 hadi 8 kwa mwaka. Mfikirie muuza mafuta ya zeituni asiyegombea chochote, anakwenda kukopa mtaji wa shehena moja, anakuta bei ya fedha imepanda maradufu kwa kuwa waheshimiwa wako kwenye kampeni. Huyo hakuonja hata senti ya hongo, lakini alichangia.

Mwaka huo huo wawili kati ya wale wanne waliwekeana mkataba na makonsuli waliokuwa madarakani. Makonsuli wawasaidie kushinda. Wao wakishinda, wawaletee makonsuli mashahidi wa kuapa kwamba walishuhudia sheria ambayo haikupata kupitishwa na kikao cha Seneti ambacho hakikupata kuketi. Wasipowaleta, walipe faini kwa makonsuli. Mkataba uliandikwa, pamoja na majina na hesabu. Kisha mmoja wa wagombea, Memmius, alipoona upepo umebadilika, akasimama na mkataba ule, akausoma ndani ya Seneti kwa sauti yake mwenyewe. Wagombea wote wanne wakafunguliwa mashtaka ya hongo, na uchaguzi ukasogezwa hadi katikati ya mwaka uliofuata. Basi, maandishi hapana. Na ukiona mwenzako ameanza kuweka rekodi ya mazungumzo, wahi wewe kutubu hadharani.

Kuhusu mgawaji, elewa kuwa naye ni binadamu mwenye watoto. Mwaka 74 KK alishtakiwa tajiri mmoja, Oppianicus, kwa njama ya kumtilia sumu mwanawe wa kambo. Mahakimu wa baraza walikuwa 32, na mmoja wao, Staienus, akapewa sestersi 640,000 awanunulie wenzake 16 kwa 40,000 kila mmoja. Askari wa kawaida wakati huo anakadiriwa kupata sestersi 450 hivi kwa mwaka, kwa hiyo bei ya hakimu mmoja ilikuwa jasho la askari kwa miaka karibu 90. Staienus alizitazama zile fedha nyumbani kwake usiku, akapiga hesabu, akagundua kasoro: akizigawa zote, yeye atabaki na nini? Akawaahidi wenzake, kisha akawarudia na uso wa msiba kwamba yule tajiri kawageuka, kakataa kulipa. Mahakimu, waliokuwa tayari kuuza haki, wakapandwa na hasira ya kudhulumiwa. Wakamtia mtu hatiani, na Staienus akapiga kura ya hatia pamoja nao. Aliyesimulia haya ni Marcus Cicero, aliyekuja kuwa wakili wa upande wa pili, kwa hiyo chumvi imo. Lakini mjumbe wako akinunua bodaboda mpya wiki ya kampeni, halafu kata yake ikakunyima kura, usiseme umerogwa.

Chakula si hongo

Sasa tuingie kwenye fani iliyo tamu kuliko zote, nayo ni kuifanya hongo iwe mila.

Mwaka 63 KK Cicero, sasa akiwa konsuli, alipitisha sheria kali ya kuzuia hongo za uchaguzi. Adhabu: miaka 10 uhamishoni. Akaongeza marufuku ya kuandaa maonyesho ya wapigana kwa upanga ndani ya miaka miwili kabla ya kugombea, maana watu walikuwa wakinunuliwa kwa burudani. Wino haujakauka, akashtakiwa kwa sheria hiyo Lucius Murena, aliyekuwa ameshinda ukonsuli wa mwaka unaofuata. Waliomshtaki ni mgombea aliyeshindwa na, nilikwambia, Cato. Mahakamani akasimama wakili wa utetezi. Ni Cicero. Yule yule mwenye sheria.

Usikimbilie kucheka, isome hotuba yake, maana ni chuo kikuu. Hakusema kwamba Murena hakutoa. Alisema viti vya maonyesho na karamu kwa watu wa kabila lako ni desturi ya mababu, kwamba vilitolewa na marafiki kwa mapenzi tu, kwamba mtu mdogo hana namna nyingine ya kufaidi kwa mtu mkubwa isipokuwa msimu kama huu, na kumnyima ni ukatili. Alimgeuza mshtaki kuwa adui wa wageni na adui wa pilau. Kisha akamaliza na silaha ambayo hadi leo haijachakaa: huu si wakati wake. Mwasi Catilina yuko nje na jeshi, dola iko hatarini, tarehe 1 Januari nchi inahitaji makonsuli wawili, na ninyi mnaniletea habari za chakula? Cato alitabasamu, inasimuliwa, akawaambia waliokuwa karibu naye kwamba tuna konsuli mchekeshaji. Murena akaachiwa huru.

Kwetu fani hii ilipata jina zuri zaidi. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 nchini Tanzania yaliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu watu kwa nia njema na kwa mujibu wa mila. Mahakama Kuu iliitengua mwaka 2006, baada ya chaguzi kuu mbili za ukarimu mtupu. Cicero hakuwahi kukaa Dodoma, lakini hoja zote za upande wa takrima angezitambua kama wanawe.

Na kama unaogopa sheria mpya, mkumbuke mtetezi wa umma Lurco, aliyependekeza mwaka 61 KK kwamba anayeahidi fedha kwa kabila kisha asilipe, hana kosa. Ila akilipa, atawajibika kulipa sestersi 3,000 kwa kila kabila maisha yake yote. Cicero aliona mswada huo akasema kuna mwanasiasa mmoja, Clodius, ameshautii zamani: huahidi, na halipi. Ndiyo sheria pekee ya kupambana na rushwa niliyowahi kusoma ambayo wanasiasa wote wangeifuata kwa hiari.

Mpango wa misimu mitatu

Umeshinda. Sasa unadaiwa. Caesar aligombea ukuhani mkuu mwaka 63 KK kwa deni kubwa hivi kwamba asubuhi ya uchaguzi alimwambia mama yake kuwa atarudi akiwa kuhani mkuu, au hatarudi. Alipopewa jimbo huko Hispania, wadai walimzuia njiani mpaka tajiri Crassus alipomdhamini. Hapa ndipo wapiga kura wanapokosea hesabu. Wanadhani wamekula hela za mgombea. Waliokula ni hela za jimbo ambalo bado hajalifikia.

Bingwa wa kulipisha jimbo ni Gaius Verres, gavana wa Sisilia kuanzia 73 hadi 71 KK. Alichukua nafaka za wakulima kupita zaka iliyowekwa na sheria, aliuza hukumu, aliuza vyeo, na alikuwa na jicho la sanaa lisilolala: sanamu za mahekaluni na vyombo vya fedha mezani kwa wenyeji wake, vyote vilimfuata nyumbani. Cicero, aliyemshtaki, alitaja jumla ya sestersi milioni 40. Lakini kinachomfanya Verres awe mwalimu ni mpangilio. Inasimuliwa kwamba alizoea kujigamba kuwa mavuno ya miaka yake mitatu ameyagawa vizuri: mwaka wa kwanza ni wake, wa pili ni wa mawakili na walezi wake mjini, na wa tatu, ule wenye mavuno mengi kuliko yote, ameuweka akiba kwa ajili ya mahakimu. Mwanafunzi wetu wa leo anaanza vibaya. Anakula miaka yote mitano, halafu anaanza kuchangisha fedha za wakili.

Wakili wa Verres alikuwa Hortensius, mfalme wa mahakama, na inasemwa kwamba sehemu ya ujira wake ilikuwa sanamu ya Sphinx, yule mnyama wa mafumbo. Hortensius alipomwambia Cicero kwamba hajui kufumbua mafumbo, Cicero alishangaa, akamkumbusha kwamba mwenye mafumbo anakaa nyumbani kwake. Mbinu ya Hortensius haikuwa kukanusha mashtaka. Ilikuwa kalenda. Kesi ilianza Agosti mwaka 70 KK. Msimu wa michezo na sikukuu ulikuwa unaingia, mfululizo mmoja baada ya mwingine. Hortensius mwenyewe alikuwa ameshachaguliwa konsuli wa mwaka unaofuata, na hakimu ambaye angesimamia mahakama hiyo kuanzia Januari alikuwa rafiki. Kilichohitajika ni kusogeza tarehe. Ombi la kuahirisha, hotuba ndefu, sikukuu, ombi la kuahirisha.

Cicero aliiharibu kwa kufanya jambo ambalo wakili hatarajiwi kulifanya, yaani kunyamaza. Aliiacha hotuba yake ndefu, akaita mashahidi moja kwa moja. Verres akasikiliza siku chache, akafunga mizigo, akaenda zake Marseille kabla ya hukumu. Hotuba ambayo Cicero hakuitoa aliichapisha baadaye, akijifanya Verres bado amekaa mbele yake. Nawe usiogope, leo kalenda imeboreshwa. Hortensius hakuwa na tume. Nchini Kenya, kashfa ya Goldenberg, ambamo serikali ililipa fidia ya dhahabu iliyodaiwa kuuzwa nje, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tume ya Jaji Bosire iliundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti mwaka 2006. Hakuna mfululizo wa michezo ya Kirumi unaofikia hapo.

Ikibidi kesi iamuliwe, basi na iamuliwe na watu ulioridhiana nao. Katika kesi moja ya miaka ya 70 KK, inasimuliwa kwamba Hortensius aliwapa mahakimu walionunuliwa vibao vya kupigia kura vyenye nta ya rangi tofauti, ili ijulikane nani kala na bado kaasi. Na Clodius, yule wa kuahidi asilipe, alipokuwa akishtakiwa mwaka 61 KK kwa kuingia amejifanya mwanamke katika ibada ya wanawake nyumbani kwa Caesar, mahakimu waliiomba Seneti walinzi, eti wanahofia maisha yao. Walipomwachia huru kwa kura 31 dhidi ya 25, mzee Catulus alimwuliza mmoja wao walinzi walikuwa wa nini. Au walihofia kunyang'anywa hela walizopewa?

Jihadhari na watu safi

Kidogo tu hapa, maana ni jambo la aibu kwa wapenda historia. Cicero alipopelekwa kuwa gavana wa Kilikia mwaka 51 KK, alikuta mji wa Salamis, kisiwani Kupro, unadaiwa mkopo wa riba ya asilimia 48 kwa mwaka. Yeye alikuwa ameweka kikomo cha asilimia 12. Mwakilishi wa mwenye mkopo alikuwa amewahi kupewa wapanda farasi na gavana aliyetangulia, akawazingira wazee wa mji ndani ya ukumbi wao wa baraza hadi watano wakafa kwa njaa. Mwenye mkopo hakujitaja mwanzoni. Alipojulikana, akawa Marcus Brutus, yule wa maadili, yule ambaye baadaye angemchoma Caesar kisu kwa niaba ya uhuru. Sheria ilikataza kuwakopesha watu wa majimboni kwa namna ile, lakini Seneti ilikuwa imepitisha maamuzi mawili ya kuuruhusu mkopo huo mahususi.

Kwa hiyo ukiwa na uso wa upole na shahada ya falsafa, tumia mwakilishi.

Mtaji wako mkubwa

Hapa ndipo wanafunzi wengi wananipotea, kwa sababu wanadhani mtaji ni fedha. Fedha utakopa. Mtaji wako ni sentensi moja ambayo hutaitunga wewe. Watakutungia wao, kijiweni, kwenye daladala, msibani: hawa wote lao moja. Siku mpiga kura wako akiamini hivyo kwa moyo wote, umemaliza kazi. Kama wote ni wezi, basi atachagua mwizi wa kwao. Kama wote ni wezi, aliyekuja na unga ana nafuu kuliko aliyekuja na hoja. Na akitokea mtu asiyeiba, huyo hatazamwi kama mwema, hutazamwa kama mwizi ambaye zamu yake haijafika. Wenye kashfa wa zama hizi wanalijua hilo bila kufundishwa. Mwaka 2008 kigogo mmoja wa Tanzania, alipoulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja katika akaunti huko Jersey, aliziita vijisenti. Mtaa ulicheka, ukalichukua neno, na kucheka huko kulimaliza nusu ya hasira.

Ushahidi wa Kirumi ni huu. Mwaka ule ule wa 54 KK, riba ilipokuwa imepaa, Cato alikuwa mkuu wa mahakama. Akaishawishi Seneti iamue kwamba kila atakayechaguliwa, hata kama hajashtakiwa na mtu, afike mbele ya mahakama yenye kiapo atoe hesabu ya alivyoshinda. Wagombea walichukia, hilo tulilitegemea. Waliochukia zaidi walikuwa wapiga kura. Alipofika kazini asubuhi walimzomea, wakamtukana, wakamrushia vitu hadi watu wote waliomzunguka wakakimbia. Ilimbidi ajipenyeze katika ghasia ile hadi jukwaani, akasimama, akawatazama mpaka wakanyamaza. Nakuomba uisome tena picha hiyo polepole: wananchi wanampiga mtu anayetaka kujua nani kawanunua. Hakuna mgombea aliyewalipa kwa kazi hiyo. Waliifanya bure.

Halafu wagombea wa utetezi wa umma, kwa kuchoshwa na gharama, waliweka amana ya sestersi 500,000 kila mmoja kwa huyo huyo Cato: atakayehonga, amana yake iende kwa wenzake. Cicero aliandika kwamba uchaguzi ukienda safi, Cato peke yake atakuwa ameweza kuliko sheria zote na mahakimu wote. Mmoja akabainika amehonga, Cato akamtaja. Kisha pakafuata chuki, watu wakisema Cato amejitwalia mamlaka ya Seneti, mahakama na serikali nzima. Huu ni ustadi wa watu, si wako, lakini wewe ndiwe unayefaidi. Mwaka Cato alipogombea ukonsuli hakukumbatia, hakukirimu. Akashindwa, na siku ile akaenda kucheza mpira.

Bahati nzuri hata Cato alikuwa na doa, na mwongozo kamili haukosi kulikuza. Caesar alipogombea ukonsuli wa mwaka 59 KK, wapinzani wake waliogopa wakachanga fedha ili mgombea wao, Bibulus, ahonge kwa kiwango kile kile. Cato, ambaye Bibulus alikuwa mkwe wake, hakukataa kwamba hongo hiyo ni kwa maslahi ya taifa. Hongo yao ni ufisadi, yetu ni uzalendo. Likitokea jambo kama hilo kwa mtu safi, litangaze usiku na mchana. Huna haja ya kuthibitisha kwamba wewe ni mwema. Inatosha kuthibitisha kwamba naye si malaika.

Tukio moja tu linanikosesha usingizi, na nalitaja ili usiseme sikukuonya. Favonius, rafiki wa Cato, alichaguliwa kusimamia michezo ya umma, na Cato akamsaidia kuiandaa. Mwenzake alikuwa anaandaa michezo yake kwa fahari na zawadi ghali. Cato akawavika wasanii mataji ya mzeituni mwitu badala ya dhahabu, na akagawa zawadi za figili, saladi, viazi vyekundu na mapeari, magudulia ya mvinyo, tini, matango, na vifurushi vya kuni. Wengine waliwacheka kwa zawadi duni namna ile. Lakini watu walifurahi, wakaiacha michezo ya fahari wakahamia kwa wagawa kuni. Likienea jambo hilo, kwamba watu wanaweza kufurahi bila kununuliwa, biashara yetu imekufa. Ukiona mgombea anapendwa kwa figili, mwekee pingamizi mapema.

Ukizidiwa

Mwongozo wa haki lazima utaje hasara. Watu walioaminishwa kwamba wote lao moja hawatakutetea wewe pia. Januari mwaka 49 KK Caesar alivuka mto Rubicon na askari wake, na Seneti yenye heshima zote ikaukimbia mji. Miji ya Italia, iliyokuwa imehutubiwa kuhusu uhuru kwa miaka mingi, ikamfungulia milango mmoja baada ya mwingine. Cato alijiua huko Utica mwaka 46 KK. Wagawaji wa makabila wakakosa kazi polepole, maana anayeteua hahitaji kuhonga.

Mwisho wa mwaka 43 KK, Caesar akiwa ameshauawa, watawala wapya, Antony na wenzake wawili, walitoa orodha ya watu wa kuuawa na kunyang'anywa mali. Kwenye orodha hiyo alikuwamo Cicero, na inasimuliwa kwamba alikuwamo pia Verres, mzee sasa, aliyekuwa bado yuko uhamishoni miaka 27 tangu kesi yake. Mshtaki na mshtakiwa, orodha moja. Kosa la Verres, kwa mujibu wa masimulizi hayo, halikuwa Sisilia. Antony alikuwa amezitamani shaba zake za Korintho, naye akakataa kuzitoa.

Basi, mheshimiwa wangu mtarajiwa, siku akija mkubwa mwenye askari, akazunguka sebuleni kwako mikono nyuma, akasimama mbele ya kabati na kusema vitu vyako ni vizuri, usiulize bei. Mpe. Mpe na kabati.